Nguzo Iliyozama na Mto Wetu

Jamani, kama kuna kitu kimenitesa roho mimi bibi yenu, ni nguzo. Nguzo tu ya chuma, nyeupe na nyeusi, ina namba kutoka chini kwenda juu kama rula ya mtoto wa shule. Watu wa maji walitoka Shinyanga mjini wakaisimika mtoni kwetu, huku upande wa Kagongwa, halafu wakauliza nani anakaa karibu na anajua namba. Mimi niliishia darasa la pili, lakini namba najua. Nani anauza vitunguu asijue namba? Basi nikapewa kazi. Asubuhi na jioni nashuka, naangalia maji yamegusa wapi, namtumia namba binti mtaalamu kwa simu.

Niliipenda kazi hiyo, sisemi uongo, maana nilikuwa na jambo langu. Kule juu walikuja wachimba dhahabu, wakayageuzia maji kwenye mashimo yao ya kuoshea mchanga. Mto ukaanza kukonda. Na bustani yangu iko ukingoni pale, ndiyo inanilisha tangu mzee wangu afariki. Tulipokwenda kulalamika tukaambiwa labda ni mvua tu zimepungua. Ila vipimo vya miaka vikionyesha maji yanashuka, wale watahamishwa. Ndiyo hivyo, shahidi wangu akawa nguzo.

Binti naye alikuwa anakuja mara mojamoja na wavu na beseni jeupe. Anageuza mawe, anakoroga matope, anamwaga kwenye beseni, anahesabu wadudu! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Mwanangu, umesoma kote huko uje kuhesabu wadudu?"

"Bibi, hawa ndio wanaosema kama mto ni mzima. Watoto wa kerengende wanataka maji safi. Ukiona imebaki minyoo myekundu tu, ujue mto unaumwa."

Na kweli, kila akija, minyoo inazidi.

Lakini namba, jamani! Namba haishuki. Jiwe langu la kufulia, lililokuwa linafunikwa na maji masika yote, sasa limekaa kavu kama meza, na nguzo inasema vilevile kama mwanzo. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, mwenye ng'ombe wake wengi, akapata la kunichokoza kwa utani wetu.

"Mke wangu, kumbe mto hauna shida. Anayepungua ni wewe!"

"Nyamaza wewe! Ng'ombe wako wenyewe wanalamba matope, halafu unasema hauna shida!"

Nikashindwa hata kulala usingizi mzuri. Nikampigia binti: njoo uone mwenyewe, hiki chuma chenu kinanifanya mwongo. Akaja na mwenzake, na darubini yao ya miguu mitatu, ile ya kupimia usawa wa ardhi. Wakapima kutoka kwenye alama waliyoiweka zamani kwenye mwamba. Wakarudia. Binti akaniambia taratibu:

"Bibi, nguzo imezama. Maji yanashuka, na yenyewe inashuka nayo. Ndiyo maana namba haibadiliki."

"Inazamaje, na mliimwagia zege?"

Wakafukua mchanga pale chini. Zege lote limechimbwa pembeni. Na pembeni ya zege likatoka kopo la bluu, lenye mpini wa waya. Kopo la mkamwana wangu, la kuchotea maji!

Damu ikanipanda. Hapa kwetu kiangazi maji yakiisha juu, wanawake wanachimba mchangani, yako chini. Miezi hiyo hakuna cha kusoma, mimi nakwenda Isaka kwa binti yangu wa kuzaa, na mafuriko yakija yanafukia mashimo yote. Kwa hiyo sikuwahi kuona. Nikamfuata huyo mke wa mwanangu nyumbani kwake.

"Hili kopo limefikaje kwenye nguzo?"

"Mama, si mimi peke yangu. Tulichimba wote pale. Tulisema wataalamu hawawezi kuweka chuma mahali pasipo na maji, wale wana mashine za kuona chini."

"Walikuja kupima, siyo kuchimba! Mmeniulia ushahidi wangu!"

"Lakini mama, maji yalikuwepo, tena matamu. Wewe uko Isaka, watoto wana kiu. Ungekuwa wewe ungechota wapi?"

Nikamrudishia kopo lake.

Binti mtaalamu alinieleza bila kunidanganya, na hilo namshukuru. Namba zote nilizotuma tangu nguzo ianze kuzama haziaminiki, maana hakuna anayejua ilizama lini wala kiasi gani. Wadudu wake peke yao hawatoshi kuwahamisha wachimbaji. Wakaing'oa, wakafunga nyingine kwenye mwamba, mbali na mchanga.

"Sasa itachukua muda gani?"

"Miaka, Bibi. Mto hausemi kwa msimu mmoja."

Miaka! Wale kule juu wanaosha mchanga wao kila siku, vitunguu vyangu vinanyauka, mimi naambiwa miaka.

Kesho yake asubuhi nilishuka. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamegusa namba ya chini kabisa. Nikatuma. Simu ikalia papo hapo, ujumbe wa binti: "Asante sana Bibi. Hii ndiyo ya kwanza."

Ya kwanza! Nilitamani kuitupa simu mtoni, ila maji yenyewe yasingetosha kuizamisha.