Nimembloku mtani, ukoo umeniamuru nimfungulie

Admin, nakuomba jina langu lisionekane, kwa ajili ya mama na ukoo. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, naishi na mama yangu Ng'ambo, hapa Tabora. Baba alishatangulia mbele ya haki. Kazi yangu ni kuuza asali: naifuata kwa warina vijijini, naichuja, naijaza kwenye chupa na kuitangaza mtandaoni. Wanaonijua watawaambia mimi si mwoga, mdomo wangu pale mtaani unajulikana. Lakini sasa hivi mlango ukigongwa nakaa kimya kama sipo.

Kuna mwanaume mmoja, nimwite Mtani, kwa sababu kabila lake na sisi Wanyamwezi ni watani tangu mababu walipokuwa wakienda pwani na misafara. Kwetu mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kukubebea kuku wako, kukuita mke wake, na wewe unacheka na kumrudishia. Alianza kwenye ukurasa wangu wa asali: "Mke wangu, unahamia lini?" Nikamjibu, "Kaoge kwanza." Watu walicheka sana, wateja wakaongezeka, na mimi nilifurahi, nisiwadanganye.

Baadaye akahamia inboksi, na huko hapakuwa na mzaha. Alinitumia picha ya mlango wetu wa nyuma. Kisha picha yangu nikiwa kwenye kamba ya nguo, imepigwa kutoka nje ya uzio, chini ameandika, "Mke wangu anachelewa kuanua." Nikambloku. Akaja na namba nyingine, nikambloku tena. Shida ni kwamba namba ngeni ndiyo riziki yangu, siwezi kuacha kuijibu. Mtu anauliza kama asali ipo, namwambia ipo, karibu, tunaongea vizuri kabisa, halafu mwishoni anaandika, "Dera la kijani linakupendeza." Najitazama, kweli nimevaa dera la kijani.

Siku moja mama mmoja aliniachia ujumbe wa sauti, anataka dumu zima, nimpelekee Itetemia. Nikapanda bodaboda hadi kwenye nyumba ambayo haijamalizika, haina hata milango. Aliyetoka ndani ni yeye, anatabasamu. "Umeona? Kumbe ukiitwa unakuja." Namshukuru Mungu dereva alikuwa bado anageuza pikipiki. Nililiacha dumu palepale nikarukia nyuma yake, nikawa nampigapiga mgongoni, twende kaka, twende!

Nilimsimulia mama. Mama, Mungu anisamehe kumsema, alicheka. "Mtani kakutega tu, mwanangu. Na amenipigia huyo, analalamika, 'Mama mkwe, mwanao kanifungia nje kama mbuzi.'" Nikamwonyesha zile picha. Akasema watani wa siku hizi nao wana simu. Nikaenda kwa mjumbe wa mtaa. Cha kwanza aliniuliza kabila la huyo mtu, na nilipolitaja akatabasamu: "Aa, hao ndivyo walivyo." Nikarudi nyumbani.

Mwezi uliopita bibi mzaa baba alifariki, tukaenda kumzika Usoke. Watani walikuja kufanya yao, wengine wanaficha majembe, mwingine anaiga bibi alivyokuwa akitembea. Na yeye alikuwemo, maana mtani haalikwi msibani. Nilikuwa nagawa chai aliponipokonya simu na kupanda juu ya benchi. "Wafiwa! Huyu kanifungia kwenye simu. Leo hazikwi mtu mpaka anifungulie!" Msiba mzima ukaangua kicheko. Nilimgeukia baba mkubwa, ambaye ndiye kiongozi wa ukoo wetu sasa. Akasema, "Mfungulie, mwanangu, tuzike, jua linatuacha."

Nikamjibu kwa sauti, wote wakasikia: "Baba mkubwa, huyu mtu ananifuata. Mimi namwogopa." Wakacheka zaidi. Walidhani namrudishia utani.

Nikamfungulia mbele yao, simu kaishika yeye, wakapiga makofi. Aliponirudishia simu aliinama kama anayenipa pole, akaninong'oneza sikioni: "Umesikia walivyocheka? Siku nitakayokubeba, piga kelele unavyotaka. Watacheka hivyohivyo."

Jumamosi hii ni arobaini ya bibi. Mama ameshatangulia Usoke kusaidia kupika, nyumbani niko peke yangu. Jana baba mkubwa kanipigia kwa furaha kabisa, usafiri usinipe taabu, mtani ana gari na amejitolea kunipitia. Nikimwambia siendi, nitakuwa nimemdharau bibi aliyenibeba mgongoni. Nikipanda basi, nitamkuta hukohuko. Nikimbloku, watanifungulisha tena mbele za watu. Nimefikiria kwenda polisi, lakini kila nikianza kuvaa nauona uso wa mjumbe ukitabasamu, nauvua mtandio nakaa. Leo asubuhi Mtani ameniandikia, "Jiandae, mke wangu," na alama za kucheka mstari mzima.

Ndugu zangu, kaka na dada, nimeleta haya kwenu kwa sababu nataka angalau mtu mmoja ajue kabla ya Jumamosi. Nawezaje kumfanya mama aniamini? Nikienda polisi nianzie wapi, nisionekane nimepeleka utani kituoni? Niambieni la kufanya, nitasoma komenti zote. Yeye pia anaufuata ukurasa huu, atajua ni mimi, basi ajue. Ila nawaomba sana, asitokee mtu akaweka alama ya kucheka. Ataiona.