Gari Lilipoacha Kugonga

Mwezi uliopita mpwa wangu alinirudisha kwetu Mpimbwe kwa gari lake jipya. Barabara bado ina mashimo, lakini ndani tulikaa kimya kama tuko kanisani, naye akajisifu: "Shangazi, unasikia? Hakuna hata kelele." Nikamwambia nimesikia.

Miaka ile ya sabini, rafiki yangu, gari la hospitali kutoka Mpanda lilipita kwetu mara moja kwa wiki kuchukua wagonjwa. Upande wa nyuma, chini, kitu kiligonga: ngo, ngo, ngo. Honi ilishakufa na hakuna aliyejali, maana kelele hiyo tuliisikia gari likiwa bado ng'ambo ya mto. Michi ilisimama vinuni, mgonjwa akabebwa hadi barabarani, gari likifika yuko tayari. Bibi alimpa dereva wali na kambale mkavu huku akimtania: "Baba, hilo gari lako lina njaa kuliko wewe."

Dereva aliona aibu. Alibadilisha shokapu, likagonga. Akakaza nati zote, likagonga. Siku moja bibi aliniachia mpunga nitwange, nikatoroka kwenda uwanja wa shule kumtazama dereva akiwa amelala chini ya gari.

"Wewe binti, una mkono mdogo. Shika hapa kwenye springi, halafu useme linapogonga."

Vijana wawili walilitikisa gari juu chini. Nikasikia pigo kiganjani, pale springi inaposhikana na chasi. "Hapa!" Bushi, ile raba inayozuia vyuma visigongane, ilikuwa imelika, imekwisha kabisa. Akakata raba ya tairi kuukuu, akaishindilia humo, akalizungusha gari uwanjani. Kimya. Nilifurahi mno, Mungu anisamehe.

Nyumbani sikusema neno. Ningeulizwa habari za mpunga.

Wiki iliyofuata mama alishikwa na homa, akawa hatutambui. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya jirani tangu alfajiri. Machela iliwekwa mlangoni. "Tusimloweshe bure barabarani," bibi alisema. "Tukisikia gari, tunatoka." Mimi nilijua hatutasikia. Nilikaa na maneno mdomoni, nikiogopa fimbo. Niliposhindwa kuvumilia nikasema nakwenda kuchota maji, nikakimbia hadi barabarani. Nilikuta alama za matairi, zimeanza kujaa maji.

Kesho yake mto ulifurika, pakawa hapavukiki. Mama hakuimaliza wiki.

Dereva alipokuja kutupa pole, bibi alimuuliza, "Kwa nini ulitupita kimya kimya?"

Alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. "Nililitengeneza, mama. Mimi mwenyewe."

Bibi hakumpa chakula tena mpaka alipohamishwa. Akipita, alikula mhogo mbichi ndani ya gari lake, nami nilimwona, nikanyamaza.

Sasa bibi hayupo. Dereva sijui alizikwa wapi. Kiwanja chetu kimelimwa mahindi, na watu wanaolima hapo hawamjui mama. Hakuna aliyebaki wa kumwambia kwamba yule dereva hakuwa peke yake chini ya gari. Nimekwambia wewe, na haisaidii kitu.