Sufuria la Mama kwenye Kabati la Kioo

Wifi yangu Hinda ana miaka themanini na mbili, na kosa kubwa alilofanya maishani, ukiacha kuolewa na kaka yangu, ni kuligawa sufuria la marehemu mama yangu kwa makumbusho. Alisema mikono imechoka, hapiki tena. Nikamwambia, "Utalitaka." Akanijibu, "Wifi, funga bakuli lako."

Haya. Siku moja kabla ya Mwaka Mpya wetu wa Kiyahudi, kabla sijanywa hata chai, simu ikalia.

"Nimeunguza mawili, wifi! Masufuria mawili mazima!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwanawe Selwyn alikuwa anakuja jioni ile kutoka Australia, baada ya miaka tisa, na aliomba kitu kimoja tu: teiglach za mama yake, vile vifundo vya unga vinavyochemka kwenye shira ya tangawizi. Kina mama wetu walikuja navyo kutoka Lithuania, pamoja na sheria zake. Ukishavitia sufuriani, nusu saa nzima mfuniko haufunguliwi wala mlango wa jikoni haufunguliwi. Hewa baridi ikivigusa tu, vinanywea na kuwa mawe. Na mifuniko ya siku hizi ni myepesi, si kama ule wa sufuria la mama, mvuke wote unakwenda zake.

"Vaa viatu," akasema. "Tunakwenda makumbusho."

Makumbusho yetu ni sinagogi letu lile lile. Katika mji huu wa nyika kavu ya Karoo tumebaki Wayahudi kumi na mmoja, wengi wajane, na wanaume kumi wa kusimamisha sala hatuwapati tena. Basi wakaweka makabati ya kioo. Mimi hupenda sana kuingia humo, ni sawa na kupekua nyumba za majirani kwa ruhusa! Kofia ya baba yangu iko pale, na cherehani ya mzee Lurie, na gauni la harusi la Frume Zackon, ambalo wote tunajua lilitanuliwa kiunoni mara mbili.

Mtunzaji ni Adina, mjukuu wa Milner wa duka la nguo. Alikuja na glavu zake nyeupe.

"Shangazi Hinda, samahani sana. Kitu kikishaingia kwenye kioo hakitoki nje ya jengo."

"Nani kataja nje? Jiko la sinagogi liko wapi?"

"Liko… nyuma."

"Nyuma ndani ya jengo, au nyuma Johannesburg?"

Adina alinitazama mimi nimsaidie. Nimsaidie nini? Nilikuwa nimejishika mbavu. Mtoto huyo amekula teiglach za Hinda tangu hana meno, akaenda kutafuta ufunguo.

Lo, raha iliyoje! Hinda alikanda, akaviringisha, akafunga vifundo, akanitukana kwamba vyangu vina umbo la masikio ya Milner. Shira ikachemka. Akavitumbukiza, akabana mfuniko, akatazama saa. Mimi nikawekwa kwenye kiti, mgongo mlangoni. Adina alisimama kando na kidaftari, anaandika kila kitu, glavu zimejaa unga.

"Asiguse mtu," Hinda akasema. "Safari hii zitatoka, naisikia harufu."

Ilikuwa dakika ya kumi na tisa gari liliposimama uani. Akashuka mtu mnene, kipara, na begi. Sikumjua mpaka alipocheka.

"Selwyn!" nikapiga ukelele. Alikuwa amewahi ndege ya mapema, na jirani ndiye aliyemwelekeza.

Akaja mbio, akashika kitasa, kisha harufu ya tangawizi ikamfikia. Akakiachia upesi kama kimemuunguza. Akahamia dirishani.

"Dakika ngapi, Mama?"

Hinda akainua vidole kumi, halafu kimoja. Selwyn akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akasimama pale pale nje, paji la uso kwenye kioo, anacheka, anafuta pua kwa mkono wa shati.

Hinda akatazama sufuria. Akatazama dirisha. Miaka hamsini na minane namjua mwanamke huyu. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alipoanguka uani akavunjika mkono, Hinda alimwambia angoje kwanza teiglach ziive.

"Wifi, toka mlangoni."

"Hinda! Bado dakika kumi!"

"Toka, au nikurushe na kiti chako!"

Akaufungua mwenyewe, wazi kabisa, na upepo wote wa Karoo ukaingia pamoja na mwanawe. Nilisikia vikinywea sufuriani, pu, pu, pu, na yeye hakugeuza hata shingo.

Vilitoka vigumu kama kokoto. Selwyn alikula tisa, akavunjika jino la nyuma, akaomba kingine.