Siku Nilipoirekodi Sakafu ya Kanisa

Sitaficha: mpaka leo nikiona kanda ya video iliyopambwa maua ya plastiki masikio yananiwaka moto, na nikikutana na mtu wa mtaani kwetu Lemara njiani navuka barabara mapema, maana najua swali lake. Atasema, "Aminieli, sakafu haijambo?" kisha atacheka mpaka ashike ukuta. Naona bora niisimulie mwenyewe, kwa mpangilio, kwa sababu huko mtaani imeshatiwa chumvi mpaka hailiki.

Ilikuwa miaka ile ambayo vitu vilianza kujaa madukani. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tukajikuta tunachagua redio za Dubai, ndogo kama kiberiti, zenye waya wa kuchomeka sikioni. Magazeti ya michezo yalizaliwa kila mwezi (mengine yakafa mwezi huo huo), na harusi isiyokuwa na video watu waliiona kama haijafungwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina daftari nililolipiga mistari kwa rula, humo naandika kila mechi ya ligi: nani kafunga, dakika ya ngapi, kwa mguu gani. Nilijua nitakuwa mwandishi wa michezo. Wakati nasubiri gazeti la kunichukua, nilikuwa nashika taa na nyaya kwa Kaka Shirima, mwenye studio pale Daraja Mbili, ambaye alikuwa na kamera moja ya video aliyoipenda kuliko gari lake.

Dada yangu Neema alipochumbiwa, nilimwomba Kaka Shirima anikabidhi kamera siku ya harusi nipige mwenyewe. Alifikiri siku mbili, akakubali, akanipa masharti mawili tu. "Sikiliza mlio," akasema. "Ukibonyeza ikilia mara moja imeanza kurekodi, ikilia mara mbili imesimama. Na kanda usiitoe kabla hujaiangalia yote." Masharti mawili. Mtoto wa chekechea angeyakumbuka.

Sasa, kilichofanya kanda ile iwe kitu kikubwa ni Bibi, mama yake mama, ambaye ndiye aliyemlea Neema. Wiki tatu kabla ya harusi aliteleza migombani kwa Mjomba kule Tengeru, mguu ukavunjika, ukafungwa plasta ngumu mpaka juu ya goti, na daktari akakataza katakata asisafirishwe. Tulikwenda kumpa pole, tukakuta amekaa kitandani amekasirika.

"Mimi keki sina haja nayo," akasema. "Pilau sina haja nalo. Nataka nimwone Neema akiapa. Hayo mengine nimeshayaona kwenye harusi za wengine."

Tulipotoka nje Neema alinishika bega. "Mdogo wangu, kosa vyote. Kiapo usikose."

"Dada," nikasema, nikivimba kifua, "hiyo niachie mimi."

Harusi ikaangukia siku ambayo watani wa jadi wa Dar es Salaam walikuwa wanakutana. Nilipiga hesabu zangu kwenye daftari: ibada saa nane, inakwisha saa tisa na nusu, mpira saa kumi, mimi huyo kwenye gari na redio yangu. Hesabu ilikuwa safi. Ila pikapu ya matarumbeta ilipata pancha, bwana harusi akakataa kufika kanisani bila matarumbeta, na ibada ikaanza saa kumi kasoro dakika tano.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Niliingiza redio kwenye mfuko wa shati, nikapitisha waya ndani ya kola, nikachomeka sikio moja. Moja tu! Lile jingine nilimwachia Mungu. Nilichagua la kulia kwa sababu upande wa kushoto alikaa Mjomba, mwenyekiti wa kamati ya harusi, ambaye angeuona waya. Sikukumbuka kwamba kamera nayo hukaa begani kulia, na ule mlio hutokea papo hapo, mlango wa sikio hilo hilo.

Mpira ulianza wakati Neema anaingia mlangoni mkononi mwa Baba. Dakika ya kwanza kabisa mtu akabaki peke yake na kipa, mtangazaji akapiga ukelele, na kidole changu nacho kikaruka. Naamini nilibonyeza mara mbili badala ya moja. Tangu hapo mimi na kamera tukawa tunapishana: nikidhani imeanza imesimama, nikidhani imesimama imeanza. Kulikuwa na kialama chekundu cha kuniambia ukweli, pembeni kabisa mwa kile kitundu cha kuchungulia. Sikukitazama. Nilikuwa nangoja kona ipigwe.

Tulipofika mlangoni mwa ukumbi mpira ulikuwa umekwisha, nikabadilisha betri, kamera ikaanza upya, mambo yakajinyoosha yenyewe. Kwa hiyo mapambo, sherehe, ndafu, yule mbuzi aliyebanikwa mzima na jani mdomoni, vyote nilivipata vizuri. Kilichokosekana ni kanisa peke yake.

Na sharti la pili? Niliitazama kanda dakika tano, nikamwona Neema anavishwa shela, picha imetulia kama ya Ulaya, nikajipongeza, umeme ukakatika. (Ilikuwa miaka ya mgao pia.) Kesho yake umeme ulirudi, lakini kesho yake mimi nilikuwa uwanjani. Nikabandika maua kwenye boksi, nikaandika majina ya maharusi kwa mwandiko wangu mzuri, nikamkabidhi Mjomba kwa mikono miwili.

Kwetu kamati ya harusi haifi siku ya harusi. Hukutana tena mara ya mwisho, ikala, ikanywa, ikatazama video, na hapo ndipo huvunjwa. Mjomba aliamua kamati ivunjwe nyumbani kwake Tengeru, Jumapili mchana, ili Bibi aione kanda pamoja na watu. Sebule ilijaa, wengine wakasimama madirishani na vikombe vya pombe ya mbege. Bibi aliwekwa kochi la mbele, mguu juu ya stuli, kilemba kipya kichwani. Mchungaji alikaa pembeni yake na soda.

Dakika kumi za kwanza nilisifiwa. "Kijana anajua!" Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Kisha likaja kanisa. Kwenye televisheni ikatokea jozi ya viatu.

"Viatu vya nani hivyo?" akauliza Bibi.

Vilikuwa vyangu. Viatu vyangu, juu ya sakafu nyekundu iliyong'arishwa vizuri, na kwa mbali sauti ya Mchungaji ikisema, "Sasa naomba maharusi wasogee mbele yangu." Picha ikaanza kupanda: pindo la gauni, maua, shela, ikakaribia uso wa Neema, watu wakavuta pumzi... ikakatika. Ikarudi. Shela kwa nukta moja, kisha sakafu. Mchungaji akasema, "Amina."

"Ameshaapa?" Bibi akauliza.

"Nimeshaapa, Bibi," Neema akajibu taratibu.

"Mbona sikuona?"

Kabla hajajibiwa, kanda ikaanza kuongea. Msimamizi wa bwana harusi, Kaka Elisante, mzee wa kanisa mtarajiwa, alisikika akinong'ona: "Ngapi ngapi?" Na sauti yangu, karibu na kinasa sauti kuliko sauti ya mtu yeyote mle kanisani, ikajibu: "Bado bado. Ila huyu mchungaji naona ameingia dakika za nyongeza."

Mchungaji akaweka soda chini. "Kumbe nilikuwa na refa," akasema.

Mke wa Elisante alimpiga mumewe kiwiko mpaka mbege ikamwagika. Kwenye televisheni bado sakafu, na mimi naendelea: "Toa pasi! Toa pasi, mchoyo wewe! Aa, kapaisha."

"Zima," Mjomba akasema. "Aminieli. Simama."

Nikasimama. Mbele ya watu arobaini.

"Msimfokee," Bibi akasema. "Kanda imekataa, mdomo haujakataa. Njoo hapa, mjukuu wangu. Wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Nieleze. Neema aliapaje?"

Jamani, mimi ningeweza kumtajia kila kona iliyopigwa siku ile na nani aliyepiga. "Aliapa vizuri, Bibi."

"Vizuri vipi?"

"Kwa... kwa sauti."

Neema akainua uso. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Kwa sauti, Aminieli? Sauti ndiyo haikutoka."

Nikaviinamia viatu vyangu.

"Haya," Bibi akasema. "Basi nieleze huo mpira."

"Bibi?"

"Mpira. Uliokuwa mtamu kuliko dada yako. Nani alishinda?"

"Ilikuwa suluhu, Bibi."

"Suluhu ndiyo nini?"

"Hakuna aliyefunga. Bila kwa bila."

Bibi aliutazama mguu wake, akanitazama mimi, akautazama tena mguu. "Ee Ruwa," akamwita Mungu kwa Kichaga. "Yaani umeacha kumtazama dada yako ukasikiliza watu ishirini na wawili ambao hawakufanya kitu."

Nyumba ililipuka. Mjomba alicheka mpaka akavua miwani, madirishani mtu akapaliwa, hata Mchungaji akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Aliyebaki bila kucheka ni Neema. Alivuta kigoda akakaa karibu na ile plasta, akamshika Bibi mkono, akamweleza mwenyewe. Kwamba alipoulizwa, sauti ilimkauka kabisa. Kwamba Mchungaji alimuuliza mara ya pili. Kwamba bwana harusi, Shemeji Godlisten, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo, alimnong'oneza, "Usiharakishe, sina pa kwenda," naye akacheka, na katika kucheka neno "Ndiyo" likatoka, kubwa, mpaka kwaya ikashtuka.

Bibi alilia kidogo, akaomba aelezwe tena tangu mwanzo.

Kamera niliirudisha, nikarudi kwenye nyaya na taa, na nimeapa kwamba mahali watu wanapoapa sitachomeka kitu sikioni, hata ligi nzima iamuliwe siku hiyo. Maana siku ya kiapo nilisimama hatua mbili tu kutoka kwa dada yangu, lakini habari ya kiapo chake niliisikia kwa mara ya kwanza Tengeru, pamoja na Bibi. Tofauti ni kwamba mwenzangu alikuwa amevunjika mguu.