Kilio cha Uwanjani

Juzi pale Ipuli nilimwona binti akilia huku amekumbatia mpira wa kikapu, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Mama alikuwa kocha wa wasichana wa chuo. Filimbi ya mwisho ililia, uwanja ukinuka vumbi na jasho, na wachezaji wote wakamvamia mama wakilia kwa sauti. Mimi na akili zangu, nikajua ni msiba. Nikavua ndala, nikakaa chini na kunyoosha miguu, kama kina mama wanavyokaa msibani.

"Mama, nani amekufa?"

"Hakuna, mwanangu. Tumeshinda."

Sikuelewa kitu. Leo najua timu ilikuwa imeshapewa kocha mwingine, na wasichana walikuwa wakimuaga. Siku ile niliinuka, nikapiga makofi peke yangu.