Ua Chini ya Sketi

Sokoni Tunduma mama mmoja alinikatia kipande cha chikanda, kile chakula cha viazi pori vilivyopondwa na karanga na magadi. Harufu ya magadi ikanirudisha mlimani kwetu Ileje.

Asubuhi ile ya utotoni nyasi zilikuwa na umande, na jembe la mama lilikuwa likigonga mawe. Kila palipokuwa na ua la chikanda yeye na shangazi walichimba, wakang'oa kiazi chake. Kikapu cha shangazi kilikuwa bado hakijajaa.

"Huyu mtoto kutwa anashinda na maua," shangazi alisema. "Atuonyeshe yalipo."

Nilimchukia shangazi asubuhi ile.

Mama akanigeukia. "Umeona mengine, mwanangu?"

Nilikuwa nimeona moja. Niliposikia jembe likikaribia nilikaa chini nikalifunika ua hilo kwa sketi, na shina lake la baridi lilikuwa likinigusa goti.

"Hapana, mama."

"Haya, inuka twende."

Sikuinuka. Shangazi akaja na jembe lake, akapekua nyasi kulia kwangu, kisha kushoto. Mama alikuwa akitazama pindo la sketi yangu. Petali moja ya manjano ilikuwa imechungulia nje.

"Wifi, huku hakuna kitu," mama alisema, akamshika shangazi mkono. "Tujaribu kule bondeni."

Siku hizi nafundisha ikolojia. Nikipanda mlimani na wanafunzi kuhesabu mimea, tukifika kwenye ua la kwanza la chikanda huwa nakaa chini kwanza.

"Umechoka, mwalimu?"

"Kidogo," nawajibu, huku nikitandaza sketi.