Jiwe la pimbi lilivyonifikisha mbele ya darsa la Mikindani

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka yote nacheka na nyuzi za wenzangu, halafu nafunga simu nalala. Leo naandika ya kwangu. Ni ya kweli mwanzo hadi mwisho, nimebadilisha majina tu, maana wahusika wote wapo hai na wote wana bando.

Naishi Mikindani, ila kazi yangu iko Mtwara mjini, Chikongola. Nina kifremu kidogo cha marashi ya asili, yale yasiyo na alcohol. Zamani nilikuwa storekeeper kwenye kampuni moja ya mambo ya gesi upande wa Mnazi Bay. Mkataba ukaisha, hawakuniongeza, nikarudi kwenye kitu nilichokulia nacho. Marehemu mama yangu alikuwa akiwaandalia maharusi mafuta ya mlangilangi, na mimi ndiye niliyekuwa nachuja.

Kwa wasiojua, kazi yenyewe iko hivi. Unachukua maua, karafuu, maganda ya machungwa, mizizi, unaloweka kwenye mafuta ya ufuta juu ya moto mdogo sana. Unachuja, unaweka maua mengine mapya, unarudia. Inahitaji subira kuliko mtaji.

Tatizo ni moja tu: harufu ya maua inaruka. Saa moja asubuhi unanukia bustani, saa nne unanukia wewe mwenyewe.

Wateja walikuwa wananiambia kwa adabu. Mama mkwe wangu hakujisumbua na adabu. Alininusa begani siku moja akasema, "Baba Rukia, haya marashi yako ni kama salamu ya mtu anayewahi basi."

Iliniuma. Nikaingia mtandaoni kufanya research.

Huko nikakuta watu wa natural perfumery, wataalamu hasa. Wanasema maua peke yake hayadumu, lazima uweke kitu kizito cha kuyashika chini, wao wanaita fixative. Zamani vingi vilitoka kwa wanyama, kama ambari ya nyangumi na zabadi ya fungo. Sasa wakuu, ambari ningeitoa wapi? Na fungo ningemkamata na kumwambia nini?

Ndipo nikamkumbuka Mama Joaquina.

Huyu ni mama wa makamo, anakaa Mahurunga kule karibu na mto Ruvuma. Kwao ni ng'ambo, Msumbiji, lakini ameolewa upande huu siku nyingi. Analima mpunga, na pembeni anauza ubani, magome na mizizi anayoletewa na ndugu zake. Kiswahili chake ni cha kujifunza ukubwani: kina Kimakonde ndani yake, kina Kireno, na kinakwenda mbio. Mara nyingi namwelewa kwa kufuata mikono yake.

Nikaenda, nikamweleza shida yangu. Akafikiri, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Jiwe jeusi linaloelekea ukahawia, linang'aa kidogo kama lami iliyokauka, ukubwa wa ngumi.

Nikanusa. Wakuu, sijui nielezeje. Ngozi ya kiatu kipya, asali ya porini, tumbaku, na kwa mbali kabisa kitu kama zizi la mbuzi. Lakini kwa mbali.

Nikamuuliza, "Mama, hiki ni nini?"

Akasema, "Mijo ya pimbi, mwanangu. Inatoka kwenye majabali huko kwetu. Ya zamani sana."

Mimi nikasikia "miji ya pimbi".

Naomba mnielewe. Pimbi ni yule mnyama mdogo anayefanana na sungura aliyenyimwa masikio, anakaa kwenye miamba kwa makundi. (Ninyi mnaotumia jina lake kutukana wenzenu humu, acheni, ni mnyama wa watu na hana ugomvi.) Anakaa kwa makundi, kwenye majabali, miaka na miaka. Sasa hiyo si miji? Nikaona yule mama ana namna nzuri ya kusema, yaani jiwe linatoka kule kwenye makazi yao. Nikatingisha kichwa kama msomi, nikalipa, nikaondoka.

Hilo ndilo kosa langu, na lilichukua sekunde mbili.

Nyumbani nikalisaga kwenye kinu, nikaloweka unga wake kwenye mafuta ya ufuta, nikaweka chupa uvunguni mwa kitanda. Siku ya tatu mke wangu akauliza kama kuna mtu kaingiza beberu chumbani. Nikahamishia stoo.

Baada ya wiki sita nikachuja. Ile harufu ya zizi ilikuwa imetulia, imebaki ngozi na asali. Nikachanganya na mlangilangi, karafuu na ubani kidogo. Nikampaka mke wangu kwenye mtandio.

Jumamosi nilimpaka. Jumanne mtandio ulikuwa bado unanukia. Mama mkwe alikuja, akanusa, akanusa tena, halafu akasema, "Niwekee mbili."

Nikayapa jina: Miji. Nikabandika lebo za dhahabu kwenye vichupa vya roll-on.

Mteja aliyenipaisha alikuwa Maalim Bakari. Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma Kurani nikiwa mdogo, na hadi leo nikimwona nakaa sawa. Maalim ni mtu wa usafi. Kanzu yake huipiga pasi mwenyewe kwa sababu haamini mkono wa mtu mwingine. Nilimpelekea kichupa kama zawadi. Wiki hiyo hiyo, baada ya darsa la alasiri msikitini, akasimama akawaambia watu waache kujipulizia vitu visivyojulikana, waende kwa Hamisi.

"Haya ya Hamisi ni twahara kabisa," alisema. "Mimi mwenyewe nimeyapaka."

Kwa mwezi mmoja na nusu, ukipita mtaani kwetu siku ya Ijumaa, wazee kwa vijana wote walikuwa wananukia Miji. Nilitembea kifua mbele.

Jiwe likaisha. Nikarudi Mahurunga kuchukua lingine.

Nilimkuta Mama Joaquina anapepeta mpunga. Nikamsifia sana, nikamwambia kule kwetu watu wanaipenda miji yake, hadi msikitini wanaipaka.

Akasimamisha ungo. "Wanapaka wapi?"

"Kwenye nguo. Kwenye mikono. Wengine kwenye ndevu."

"Na wanajua ni mijo?"

"Wanajua. Nimeandika kabisa kwenye lebo, Miji."

Akaniangalia. Akaweka ungo chini. "Mwanangu, mimi sijasema miji. Nimesema mijo. Kireno hicho." Akaona bado namkodolea macho, akaamua kunisaidia. "Pimbi hukojoa mahali pamoja. Babu yake alikojoa hapo, baba yake hapo, yeye hapo hapo. Jua linapiga, mkojo unakauka, miaka mingi, unakuwa jiwe. Ndiyo hiyo."

Nilijibu kitu cha kijinga sana. Nilisema, "Wote?"

"Wote," akasema. "Ukoo mzima."

Nikatoa simu nikatafuta. Mtandao kule unasuasua, lakini picha zikafunguka moja moja: jiwe ni lile lile. Na kweli, duniani kuna watu wanalitumia kwenye marashi ya bei mbaya, tena wanajisifu.

Sasa kwa ndugu zangu ambao si Waislamu, niwaeleze kwa kifupi. Kwetu mkojo ni najisi. Ukikugusa kwenye nguo, huruhusiwi kusali na nguo hiyo hadi uifue. Na mimi nilikuwa nimeuchanganya na mlangilangi, nikauweka kwenye kichupa chenye lebo ya dhahabu, nikampa Maalim aupake kwenye ndevu.

 Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu vichwa: Maalim, mwadhini, baba mkwe, wauza samaki wote wa pale sokoni, bwana harusi wa wiki iliyopita.

Nikamwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua kama hajasikia. Baadaye akasema taratibu, "Baba Rukia, mimi nimepaka kwenye mswala."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Sitawadanganya wakuu, nilifikiria kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Mama Joaquina haji Mikindani. Ningeacha tu kuyatengeneza, ningesema malighafi imeadimika. Nilimwambia mke wangu mpango huo, naye akasema, "Sawa. Ila mimi nimeshajua, na Ijumaa nitamwona Maalim anapita hapa na kanzu yake. Sijui uso wangu nitauweka wapi. Kamwambie leo."

Nikaenda. Nilimkuta barazani kwake anapiga pasi kanzu, na kile kichupa kiko pembeni, kimebaki robo.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Afadhali umekuja, niongeze kingine."

"Maalim, yale marashi yana mkojo."

Pasi ikasimama. "Mkojo wa nani?"

"Wa pimbi."

Akachomoa pasi kwenye umeme. Akaitazama kanzu, akaitazama mikono yake, halafu akashika ndevu, akaziachia haraka. Nikamweleza yote: mijo, miji, majabali, ukoo mzima. 

Akauliza, "Una uhakika si zabadi? Zabadi haina tatizo."

"Si zabadi, Maalim."

"Wala ambari?"

"Wala ambari. Ni mkojo wenyewe."

Akakisogeza kile kichupa mbali na kanzu. Halafu akasema, "Ulipokuwa na miaka saba ulikojoa kwenye mkeka wa madrasa. Nikakuuliza, ukasema ni maji ya kunywa. Unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

"Basi leo angalau umekuja mwenyewe kusema. Kesho utasimama kwenye darsa uwaambie wenzako. Habari ya sala zao niachie mimi."

Wakuu, kusimama mbele ya watu sitini na kutamka neno mkojo mara nne ni kazi nzito. Nilisema yote.  Halafu Mzee Chande, muuza samaki, akageuka kwa jirani yake akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mke wangu alisema nanuka beberu. Nikamwambia hajui vitu vya gharama."

Akacheka mmoja, wakacheka watatu, na mimi nikaanza kulia. Sijui kwa nini, ila nililia. Wengine walikasirika, na wana haki. Bwana harusi hakunisalimia miezi miwili. Niliwarudishia wote hela zao, hata waliokuwa wamemaliza kichupa.

Kesho yake kila kamba ya nguo mtaani ilikuwa na kanzu. Na hapa ndipo mambo yalipochekesha zaidi. Zile kanzu zilifuliwa, zikasuguliwa, zikarudiwa, na harufu haikutoka. Nilitafuta kitu cha kushika harufu, nikakipata kweli kweli.

Watu wakarudi kwa Maalim. Akawaeleza kwamba ukifua kwa bidii, uchafu ukatoka, ikabaki harufu tu iliyogoma, hiyo haina neno. Wakaondoka wamefurahi. Hivyo kwa wiki nzima mtaa uliendelea kunukia vile vile, ila sasa kihalali. Na Maalim naye, nasema hili kwa heshima, kanzu yake sikuiona kambani zaidi ya mara moja.

Halafu akaja Kassim, fundi seremala, dukani kwangu Chikongola, na shati mkononi. Akaangalia kushoto na kulia. "Hamisi, nipake hapa. Nakwenda kufua sasa hivi. Uchafu utoke, harufu ibaki. Si ndivyo alivyosema Maalim?"

Nilimfukuza. Aliporudi mara ya pili nikampigia simu Maalim, nikamwekea loudspeaker amsikie. Kilichosemwa hapo sitakiandika, lakini Kassim aliondoka bila kuaga na shati lake alilisahau kwangu.

Vichupa vya Miji vilivyokuwa vimebaki dukani alivichukua mwalimu wa kwaya mmoja wa hapa mjini. Nilimweleza wazi kuna nini ndani, nikaandika na kwenye lebo. Akasema kwaya yake inaimba saa tatu mfululizo kwenye joto, anachotaka ni kitu cha kudumu, mambo ya pimbi hayamhusu.

Sasa hivi nimerudi kwenye maua, ubani na mizizi. Mama Joaquina bado ananiuzia ubani. Alicheka hadi akakaa chini nilipomsimulia, na siku hizi kila anachonipa ananitajia kwa lugha tatu, halafu ananiambia na mimi nirudie. Wateja wengi walirudi. Ila wanasoma lebo neno kwa neno, na wengine wanauliza maswali kama polisi.

Nilichojifunza: mtu akikutajia kitu kwa lugha isiyo yako, usitingishe kichwa ili uonekane umeelewa. Uliza, na uulize tena, hata kama unaona aibu. Aibu ya kuuliza kwa Mama Joaquina ingeisha pale pale Mahurunga. Ile niliyoipata mbele ya darsa bado naikuta sokoni.

Karibuni kwa maoni, na matusi kidogo nitayavumilia. Ila nina shida ya kweli: nani anafahamu kitu cha mmea kinachoshika harufu angalau siku mbili? Andika jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwenu. Na tafadhali sana, mkuu, eleza kinatoka sehemu gani.